Banda la useremala uani, mita 4 kwa 6: ukuta gani, waya gani, mashine zikaeje?

uani_chanika

Wakuu, habari za kazi. Nina nafasi uani ya mita 7 kwa 10, huku Chanika, Dar es Salaam, na nataka kusimamisha banda la useremala lenye mita 4 kwa 6 kwa ndani. Kazi ni samani: vitanda, makabati ya jikoni, meza, na milango mara moja moja. Mbao ni msaji na mninga, paini kwa fremu za ndani, na plaiwudi za futi 8 kwa 4.

Mashine zilizopo ni msumeno wa meza uliochomelewa hapa hapa mjini, bledi ya inchi 10 na mota ya HP 2. Randa ya meza ya inchi 8. Drili ya kusimama. Rauta na grainda. Meza ya kazi bado haipo.

Kutoka meni swichi ya nyumba mpaka bandani ni mita 32 kwa njia ambayo waya utapita. Fundi umeme mmoja amesema waya wa milimita za mraba 2.5 unatosha, mwingine amekataa katakata akasema 6. Tofauti ya pesa si ndogo.

Naomba msaada kwenye haya: kuta ziwe tofali mpaka juu au nguzo na bati; paa mgongo mmoja au miwili; mashine zikaeje; na waya upi. Mwenye vipimo aweke vipimo, "inategemea" nimeshaisikia ya kutosha.

kipimo_mbao

Mkuu, kabla hujamwita fundi wa msingi chora sakafu kwenye karatasi, na uanze na mbao, mashine zifuate. Ubao wa futi 12 una mita 3.66. Ukiupasua kwa urefu unahitaji mita 3.66 kabla ya bledi na mita 3.66 baada yake, jumla mita 7.3, halafu na wewe unasimama mkiani mwake. Banda lako lina mita 6. Ukiweka msumeno katikati, ncha ya ubao itagonga ukuta kabla haujaisha kupasuka, na hapo ndipo mtu anapoanza kuuvuta urudi nyuma huku bledi inazunguka. Vidole vingi vimeondokea hapo.

Panga hivi. Msumeno utazame mlango, na bledi iwe mita 1.7 tu kutoka mlangoni. Upande wako zinabaki mita 4.3, yaani ubao wote pamoja na sm 60 za kusimama. Ubao uliopasuka unatoka nje kwa mita 2 hivi, na pale nje unaweka stendi yenye bomba linalozunguka, kimo chake milimita 5 chini ya uso wa meza ya msumeno ili ncha ya ubao isigonge ikifika. Kwa hiyo sogeza banda nyuma, ubakize mita 2.5 wazi mbele ya mlango. Nyuma itabaki mita 1.2 hivi, uliza halmashauri kwanza wanataka umbali gani kutoka mpaka wa jirani, maana msingi ukishamwagwa hakuna kusogeza.

Mlango uwe kwenye ukuta mfupi, mabawa mawili, upana mita 1.8, na katikati yake iwe sawa na mstari wa bledi. Plaiwudi ikipasuliwa katikati, sm 61 zinaenda kila upande, na mlango wa mita 1.8 unazimeza. Kizingiti kisiwepo kabisa.

Upana wa mita 4 unagawanyika hivi kutoka ukuta wa kushoto: benchi la kazi sm 60, njia sm 90, meza ya msumeno mita 1, njia sm 90, randa sm 50. Zinabaki sm 10 tu, kwa hiyo usikubali fundi akuibie hata inchi mbili kwenye ukuta. Randa ikae katikati ya ukuta mrefu wa kulia ili ubao wa mita 2.5 upite bila shida. Kimo cha msumeno kikiwa sm 86, randa na benchi visizidi sm 85, la sivyo kila plaiwudi utakayoipasua itagonga kitu. Drili ya kusimama iende kona ya nyuma. Hiyo haidai nafasi kubwa.

Madirisha yaweke upande wa benchi. Kama unaweza kuchagua, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Jua la saa 10 jioni likiingia moja kwa moja kwenye benchi, mstari wa penseli juu ya msaji hauuoni.

msingi_na_papi

Naongezea upande wa ujenzi.

Sakafu: jamvi la sm 10 kwa mita 24 za mraba ni zege mita 2.4 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) andaa mifuko 16 ya saruji ya kilo 50. Chini yake kifusi kilichoshindiliwa kwa tabaka za sm 15, kisha moramu, dawa ya mchwa, nailoni nzito, ndipo zege. Nailoni usiiache. Zege linanyonya maji ya chini kama utambi wa koroboi, na mbao utakazolaza karibu na sakafu zitakunja mgongo hata kama paa halivuji tone. Pale msumeno na randa vitakapokaa weka wavu wa chuma. Mwagilia jamvi siku 7. Hapa kwetu jua linalikausha juu kabla halijakomaa ndani, na sakafu inayotoa unga haisafishiki tena.

Uso wa jamvi uwe sm 15 juu ya ardhi ya ua. Mbele ya mlango jenga mteremko wa zege wa mita 1.2, usijenge ngazi. Na hizo sm 15 za msingi ziache zionekane pande zote, usizifunike kwa udongo wala maua. Mchwa hupanda kwa kujenga njia ya udongo juu ya msingi. Ukiuona uzi wa udongo unaukwangua na kutia dawa siku hiyo hiyo. Ukifukia msingi, wanapanda bila wewe kujua mpaka siku kenchi inapotoa unga.

Paa: migongo miwili. Sababu ni mbao za sokoni. Nyingi ni futi 12, na mgongo mmoja juu ya upana wa mita 4 unahitaji mbao ya zaidi ya mita 5 pamoja na ubaraza, yaani kila moja itaungwa, tena katikati ambako mzigo ni mkubwa. Kwa migongo miwili yenye mwinuko wa nyuzi 15, kila upande unahitaji mita 2.85 tu na futi 12 inatosha bila kuungwa. Boriti ya chini ya kenchi, ile ya mita 4.3, ndiyo utakayoiunga, kwa vipande vya sm 90 pande zote mbili na misumari ya inchi 4 iliyokunjwa ncha. Kenchi 6 za mbao za inchi 2x4, nafasi mita 1.26 kati kwa kati. Papi (mbao zinazobeba bati) za 2x3 kila sm 90 kama bati ni geji 28. Kama ni geji 30 shusha hadi sm 70. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba, wauzaji wengine hawakwambii.

Bati za mita 3 zinatosha kila upande na ubaraza wa sm 60. Unapohesabu, uliza upana unaofunika baada ya kulalia bati la jirani. Kama linafunika sm 70, unahitaji 10 kila upande. Msumari hupigwa kwenye mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde, kwa kuwa maji yote hupita bondeni. Na kenchi zifungwe kwenye lenta kwa nondo ya milimita 8 iliyoachwa ndani ya zege. Upepo wa kusi huingia chini ya ubaraza na kulinyanyua paa zima, hasa mlango ukiwa wazi.

Kimo cha ukuta mpaka lenta kisiwe chini ya mita 2.7. Plaiwudi ikisimamishwa wima ina mita 2.44, na lazima uigeuze bila kugonga taa.

Ukuta: tofali za inchi 6. Kwa mpango huu, ukitoa mlango na madirisha matatu ya mita 1.5 kwa 1.2, zinabaki mita 46 za mraba, sawa na tofali 460, bado pembetatu za juu na za kuvunjika.

mkaazi_likoni

Ndugu yangu, mimi hapo kwenye ukuta nina neno. Pwani hii karakana iliyofungwa tofali mpaka juu ni tanuri. Saa 8 mchana chini ya mabati huwezi kufanya kazi ya maana, na gundi inashika kabla hujakaza klempu ya mwisho.

Nusu ukuta wa mita 1.2 unatosha, kisha nguzo za zege kila mita 2, na juu yake wavu wa chuma wa kuchomelewa hadi kwenye lenta. Nje ya wavu weka vibao vya kufungua kwenda juu, bawaba zikiwa juu, vikishikiliwa na fito. Mvua ikija unavishusha. Mchana vikiwa vimenyanyuliwa vinatoa kivuli kama ubaraza wa pili. Hewa inapita, vumbi jembamba linatoka lenyewe, na mwizi anakutana na chuma. Kwa banda lako ni kama tofali 240 tu badala ya 460, ijapokuwa nguzo na wavu vitakula sehemu ya hiyo tofauti.

Mtu akikwambia ukiacha wazi vyuma vitashika kutu, mwambie unyevu wa hewa hauzuiwi na tofali. Unyevu unaingia popote. Kinachokula chuma ni mvua ya upepo na chumvi ya bahari. Likoni tuna chumvi, wewe Chanika uko mbali nayo. Pangusa meza za mashine kwa nta ya nyuki au ya mshumaa kila wiki mbili, na patasi na visu vya randa uvipake mafuta ya cherehani uvifungie kwenye sanduku. Dawa za kupuliza zenye silikoni usizitumie karakanani hata kidogo. Zikigusa mbao, vanishi inakataa kukaa, inafanya vijicho kama mafuta juu ya mchuzi, na kuiondoa ni kupiga msasa upya mbao nzima.

msingi_na_papi

Nusu ukuta nakubali, ila kwa masharti mawili. Upande wa kusini, ambako mvua ya masika hupigwa na upepo, panda tofali hadi mita 2 na juu yake weka tofali za matundu. Na upande wenye jirani jenga mpaka juu. Randa ya inchi 8 ikila mninga inasikika nyumba ya nne, na malalamiko ya kelele yakifika serikali ya mtaa, ni wewe utakayeambiwa uhame.

waya_na_ethi

Suala la waya. Aliyesema 6 yuko sahihi, na hesabu yake ni fupi.

Mota ya HP 2 ya umeme wa nyumbani hula kama ampea 10 ikiwa kazini. Inapowaka, kwa sekunde moja au mbili, hula mara 5 au 6 ya hapo, yaani ampea 50 na zaidi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 hupoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita. Kwa mita 32:

Waya wa 2.5: ikiwa kazini unapoteza volti 5.8, inapowaka volti 29.
Waya wa 4: volti 3.5 na 17.6.
Waya wa 6: volti 2.3 na 11.7.

Anayesema 2.5 inatosha anatazama namba ya kwanza tu, na kwa hiyo namba hajakosea. Lakini tazama kuwaka. Jioni umeme wa mtaani ukiwa 210, ukitoa 29 inabaki 181. Nguvu ya mota kuzungusha hupungua kwa mraba wa volti, kwa hiyo pale 181 mota ina kama asilimia 62 ya nguvu yake ya kuanzia. Inavuma, inasita, bledi inapanda polepole kama feni ya zamani, na muda wote huo koili zinakula ampea 40 na kitu. Baada ya miezi ya hali hiyo unasikia harufu ya vanishi iliyoungua. Kusuka mota upya mara moja kunaweza kumeza tofauti yote ya bei ya waya, na ukisuka bila kubadili waya utasuka tena.

Tena HP 2 haiko peke yake. Kivuta vumbi na taa vitawaka pamoja nayo. Weka 6, uupitishe ndani ya bomba gumu la plastiki, kina sm 60, na juu yake kabla hujafukia ulaze utepe wa rangi au safu ya tofali ili mchimba shimo wa kesho ajue. Sogea mbali na njia ya maji taka.

Bandani weka DB (sanduku la breka) yake yenye kinga ya miliampea 30 dhidi ya umeme kuvuja, kisha breka za aina C kwa mashine: C20 ya msumeno, C20 ya randa, na B6 ya taa pekee. Watu wengi huweka B16 kwenye mashine, inaruka kila wakiwasha, halafu wanaibadilisha na kubwa zaidi bila kugusa waya. Hapo breka haikingi waya tena. Aina B hukata papo hapo kati ya mara 3 na 5 ya namba yake, aina C kati ya mara 5 na 10, ndiyo maana C huvumilia mota inayowaka. Ethi rodi yake (chuma cha kupeleka umeme unaovuja ardhini) ipigwe na ipimwe, na kazi yote ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Jambo la mwisho na la lazima: msumeno na randa visitumie swichi ya kawaida ya ukutani. Weka stata yenye kitufe cha kijani na chekundu, ile ambayo umeme ukikatika inaachia yenyewe. Umeme hukatika katikati ya kupasua, mtu anainama kutoa ubao uliobanwa, umeme unarudi. Kwa swichi ya ukutani bledi inaanza kuzunguka mkono ukiwa pale. Stata hiyo pia ina kinga ya joto. Irekebishe ifuate ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, usiiache ilivyotoka dukani.

Mita ya volti ya kubandika kwenye DB haina gharama kubwa. Ikisoma chini ya 207, zima mashine ufanye kazi ya mkono.

uani_chanika

Wakuu, nimepata zaidi ya nilichoomba. Nusu ukuta na waya wa 6 nimeshavipitisha.

Nina swali la msumeno wenyewe. Ukipasua msaji wa inchi 2 unaunguza mbao, weusi kabisa, na moshi kidogo. Bledi ni mpya, meno 60, yenye ncha ngumu. Mota imeandikwa mizunguko 2850 kwa dakika, puli zote mbili ni inchi 3. Na la pili: benchi la kazi nilitengeneze kwa mbao gani na kiasi gani?

kipimo_mbao

Hapo una makosa mawili kwa uhakika, na la tatu la kukagua.

Meno 60 ni ya kukata kwa kukingama na plaiwudi. Kupasua kwa urefu kunataka meno 24, yenye mabonde mapana ya kubeba uchafu. Meno 60 kwenye inchi 2 za msaji yanasaga badala ya kukata; unga haupati pa kutokea, unajisugua, unawaka. Na msaji una chembe za silika kama mchanga ndani yake, kwa hiyo hata ncha ngumu zinachoka mapema kuliko kwenye mninga.

La pili ni kasi. Puli sawa kwa sawa, bledi inazunguka 2850, na ukingo wake unakwenda mita 38 kwa sekunde. Msumeno wa mbao hufanya kazi vizuri karibu na mita 50. Weka puli ya inchi 4 kwenye mota na uache ya 3 kwenye shafti ya bledi: 2850 mara 4 gawa kwa 3 ni 3800, sawa na mita 50 kwa sekunde. Kabla hujafanya hivyo soma kasi ya juu iliyochapwa kwenye bledi. Isiyoandikwa kitu, usiifunge kabisa. Na siku ukitaka kufunga bledi ya inchi 12 rudisha puli, kwa sababu kwa 3800 ukingo wake utavuka mita 60.

La tatu ni fensi, ile pau inayoongoza mbao. Chomoa plagi. Chagua jino moja, litie alama ya penseli. Lizungushe kwa mkono lije mbele, usawa wa meza, upime kutoka hapo mpaka kwenye fensi. Lizungushe jino lile lile liende nyuma, upime tena. Tumia jino lilelile, kwa kuwa bledi yenyewe inaweza kuwa na kombo kidogo na ukipima meno mawili tofauti utapima kombo hilo. Vipimo viwe sawa, au nyuma pazidi kwa unene wa karatasi moja tu. Nyuma pakiwa pembamba kuliko mbele, mbao inabanwa kati ya fensi na bledi, inaungua upande wa fensi, na siku moja inarushwa kwako kwa kasi ile ile ya mita 50 kwa sekunde. Simama daima kando ya mstari wa bledi, usisimame nyuma yake.

Misumeno ya kuchomelea mara nyingi haina pezi la nyuma ya bledi. Mpe mchomeleaji kipande cha chuma bapa, unene uwe kati ya unene wa bati la bledi na unene wa mkato wake. Mkato wa milimita 3 na bati la 2 maana yake pezi la 2.5. Kikae milimita 5 nyuma ya meno, sawasawa na mstari wa bledi. Mbao mbichi hujifunga baada ya kupasuka, na pezi hilo ndilo linaloizuia isiishike bledi. Usianze kupasua msaji tena kabla hujaliweka, nakuomba.

Vumbi: funga sanduku la bati chini ya bledi, toa bomba la PVC la inchi 4 liende kwenye feni ya kuvuta, na kati yake weka pipa ili maranda yadondoke kabla ya feni. Kona moja ya nyuzi 90 itengeneze kwa viwiko viwili vya nyuzi 45. Hata hivyo barakoa ya N95 haiepukiki wakati wa msasa. Vumbi la mbao limewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha saratani, na la mvule huwasha ngozi na kubana kifua upesi. Maranda wafugaji wa kuku watayafuata. Wape ya mbao zisizotiwa dawa tu. Mbao za kijani zilizotiwa dawa zinaweza kuwa na aseniki, si za kuku na si za kuni.

mkaazi_likoni

Benchi nakujibu mimi. Paini inatosha, usiharibu msaji. Benchi linatakiwa kuwa laini kuliko kazi unayoiweka juu yake, ili kitu kikigongana, kovu libaki kwenye benchi.

Uso: sm 60 kwa 180, mbao za 2x4 zilizosimamishwa kwa ubavu na kugandishwa pamoja. Ukishapiga randa kila moja inabaki kama milimita 45, kwa hiyo vipande 14. Ubao wa futi 12 unatoa viwili, basi mbao 7. Miguu minne, kila mmoja 2x4 mbili zilizogandishwa, mbao 2. Vishikizo vya chini vya urefu na upana, mbao 2 nyingine. Nunua 12 kwa jumla, maana moja haikosi kuwa na fundo baya au moyo wa mti katikati.

Zikifika usigandishe siku hiyo. Zipange kivulini, vijiti vya sm 2 katikati kila sm 50, vijiti vikiwa wima mstari mmoja juu ya mwenzake, na mawe juu. Chukua kipande kimoja kifupi, kipime kwa mizani kila Jumamosi. Uzito ukiacha kushuka wiki tatu mfululizo, mbao zimefika. Pwani hazitashuka sana chini ya asilimia 14 ya unyevu hata zikae mwaka. Kwa hiyo kabati linalokwenda chumba chenye kiyoyozi uliachie pengo la milimita 2 au 3 ndani ya mfereji wa paneli, kwa kuwa huko litaendelea kunywea.

Kugandisha: vipande 4 au 5 kwa mara moja, halafu makundi matatu uyaunganishe. Ukijaribu 14 kwa pamoja kwa joto letu, gundi nyeupe inaanza kushika kipande cha kwanza wakati unapaka cha nane. Klempu kila sm 20. Ukiwa huna za kutosha, pigilia kibao kwenye mbao mbili nene pande zote za kazi na kaza kwa kabari mbili zilizopishana. Kabari inakaza kuliko klempu nyingi za bei rahisi. Gundi inatakiwa itoke kwenye mshono kama shanga ndogo ndogo. Isipotoka umepaka kidogo, na ikitiririka umepoteza.

Kimo: simama wima, mikono ikining'inia, pima kutoka sakafuni hadi pale kifundo cha mkono kinapokunja. Wengi wanapata kati ya sm 83 na 88. Kwako usivuke 85 kama ulivyoambiwa hapo juu.

Jiliwa lifungwe kwa kulichimbia, taya la ndani lilingane na ukingo wa benchi, lisitokeze hata milimita. Taya likitokeza, ubao mrefu ukibanwa unagusa taya peke yake na ncha ya pili inaning'inia, ukiupiga randa unatikisika. Likilingana, ubao unalala kwenye ukingo wote wa mita 1.8 na unaweza kuongeza klempu ncha ya mbali. Mataya yote mawili yavishe vibao vya mninga vya sm 2, skrubu zikizama ndani.

uani_chanika

Nimepima kama ulivyoelekeza, kipimo_mbao: mbele milimita 100, nyuma 98.5. Fensi imeelekea ndani.

kipimo_mbao

Milimita 1.5 ndiyo moshi wako huo. Kabla ya kugusa fensi hakikisha bledi yenyewe iko sambamba na mfereji wa meza, ule unaoongoza kifaa cha kukata kwa kukingama. Pima kwa jino lilelile. Ikiwa beringi za shafti zimefungwa upande, legeza boliti nne za beringi, gonga kwa nyundo ya mbao kidogo kidogo, kaza, pima tena. Ukimaliza hapo ndipo urekebishe fensi. Ukianza na fensi, utaifuatisha na bledi iliyopinda na kila ubao utakwenda kombo ukitumia mfereji wa meza kukata kwa kukingama.